MSIMWULIZE MGONJWA ZAMBI YAKE

 

Masomo ya kusoma nyumbani: Luka 13:1-5, Yoane 9:1-7, Matendo ya Mitume 12:1-17, Yobu 2:11-13 na 42:7, Nehemia 4:9.

Mwezi huu tumeona vema kuzungumza juu ya mambo matatu yanayosumbua mioyo ya wengi: mateso, zambi na maombi. Sisi mashemasi tulikuwa na mazungumzo marefu na mwalimu mmoja wa masomo ya sekondari. Yeye hasali mahali popote. Alibatizwa akiwa mtoto, Biblia anaijua vizuri, lakini anasema imani ilimtoka. Hakuja kututukana. Alikuja na maswali, na tumeyaandika hapa bila kuyapunguza. Kwa nini? Kwa sababu maswali yale yale yamo ndani ya watu wanaokaa kila Siku ya Bwana kwenye viti vya kanisa, ila wanaogopa kuyasema kwa sauti. Tena Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila mtu anayetuuliza juu ya tumaini letu, na kumjibu kwa upole (1 Petro 3:15).

1. Je, anayeteseka ni mwenye zambi kupita wengine?

Mwalimu alianza hivi: "Mashemasi, katika vikundi vingi vya maombi nasikia jambo moja tu. Mtu akigonjwa, wanamwuliza: Umefanya nini? Ungama! Mtoto akikufa, wanamwuliza mama yake: Ni zambi gani iliyo nyumbani mwako? Sasa nijibuni. Mwezi wa 12 mwaka 2000, vita vilipofika hapa Pweto na mji ukaanguka, maelfu ya watu walikimbia kuingia Zambia. Wengine walikaa miaka katika kambi za wakimbizi za Kala na Mwange. Wazee walikufa wakiwa mbali na makaburi ya baba zao. Na mwezi wa 10 mwaka 2004, kule Kilwa, katika teritware yetu hii hii, kikundi kidogo cha waasi kiliingia, kisha askari wa serikali wakaja kuukomboa mji. Watu wa Umoja wa Mataifa walichunguza, wakasema waliokufa hawakupungua 73. Je, watu wa Kilwa walikuwa na zambi kuliko watu wa Kasenga, au wa Lubumbashi?"

Wapendwa, swali hili si jipya. Yesu mwenyewe aliletewa habari ya namna hii hii. Someni Luka 13. Watu walikuja kumwambia juu ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakati walipokuwa wakitoa sadaka zao. Ni kama habari ya Kilwa: watu na silaha za serikali. Yesu akaongeza habari nyingine, ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Hiyo ni ajali tu, kama mtumbwi unaopinduliwa na dhoruba katikati ya ziwa letu. Kisha akawauliza kama wanafikiri hao waliokufa walikuwa wabaya kupita wengine. Na jibu alilitoa yeye mwenyewe: Hapana. Alilitoa mara mbili, mara ya kwanza juu ya waliouawa, mara ya pili juu ya walioangukiwa na mnara.

Tena angalieni aliyeambiwa atubu. Wale waliokufa hawakuambiwa, wala wajane wao. Walioambiwa ni wale waliokuja kuhadithia habari, wazima, wenye miguu yao miwili. Sisi tunaigeuza: tunamwambia aliyefiwa atubu, na sisi wazima tunakaa kama mahakimu.

Wanafunzi nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu (Yoane 9), walitaka kujua kama zambi ni yake au ya wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Hakubaki kutafuta sababu iliyo nyuma. Alitema mate, akatengeneza udongo, akaanza kazi ya kumponya.

2. Lakini Biblia haisemi kwamba zambi inaleta magonjwa?

Hapa mwalimu alitushika. Alisema: "Msichague mistari inayowapendeza. Katika Yoane 5:14 Yesu alimwambia yule aliyeponywa asifanye zambi tena, jambo baya zaidi lisimpate. Na Yakobo sura ya 5 inaunganisha ugonjwa na zambi."

Ni kweli, na hatuwezi kuificha. Lakini tusome polepole. Yule mtu wa Yoane 5 alikuwa amelala miaka 38. Yesu alimponya kwanza. Hakumwambia aungame ndipo aponywe. Neno juu ya zambi lilikuja nyuma, hekaluni, wakati mtu alikuwa amekwisha kutembea kwa miguu yake. Na katika Yakobo 5:15 kuna neno dogo ambalo wengi wanalipita mbio: neno la "kama". Mtume hasemi kwamba kila mgonjwa amefanya zambi. Anasema kama amefanya, atasamehewa. Wapendwa, neno hilo dogo linaokoa watu wengi. Mwenye kuliondoa anaongeza mzigo ambao Mungu hakuuweka.

Mwalimu akauliza tena: "Basi zambi haina matunda? Mbona mnahubiri?"

Zambi ina matunda, tena machungu. Wagalatia 6:7 inatufundisha kwamba mtu anavuna mbegu aliyoipanda. Lakini tazameni maisha yetu: mara nyingi mmoja anapanda, na mwingine anakula matunda. Baba anakunywa franka zote za samaki, na mtoto ndiye anayelala bila bukari. Mkubwa mmoja anakula feza za barabara, na mama mjamzito ndiye anayekufa njiani mbele ya kufika hospitali. Mtu mmoja anakwenda haja kandokando ya ziwa, na mtoto wa jirani anakunywa maji yale, anashikwa na kolera. Nani amefanya zambi? Si mtoto aliyekunywa! Zambi imetembea, imevuka, imemkuta asiyekuwamo.

Hata habari ya Kilwa inatufundisha hivyo. Mwaka 2017, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza kwamba serikali ina hatia juu ya mambo yale, na kwamba inapaswa kulipa fidia. Waamuzi wale hawakuuliza waliouawa walikuwa na zambi gani. Waliuliza nani aliwaua na nani aliacha wauawe. Je, kanisa la Mungu liwe na haki pungufu kuliko tume ya watu?

Basi, ukiona mtu anateseka, usijiulize "Yeye amefanya nini?" Jiulize "Ni jambo gani letu, sisi wote, lililomfikia huyu?" Na mara nyingine hakuna zambi ya mtu yeyote ndani yake. Dhoruba ni dhoruba, na mamba ni mamba. Mnara wa Siloamu ulianguka tu.

3. Maombi yanafaa nini?

Swali la tatu lilikuwa gumu kuliko yote. Mwalimu alifungua Matendo 12. Alisema: "Herode alimwua Yakobo, ndugu ya Yoane, kwa upanga. Kisha akamkamata Petro. Kanisa likasali usiku, malaika akaja, minyororo ikaanguka, Petro akatoka. Mnaipenda sana habari hiyo, mnaiimba. Lakini Yakobo je? Kanisa halikumsalia? Au yeye alikuwa na imani ndogo?"

Hatukutaka kumjibu mbio. Tulimkumbusha kwanza habari ya mtu mmoja ambaye nchi yote inamjua, na ambaye mji wetu mkubwa wa Lubumbashi unamjua kuliko miji mingine, kwa kuwa ndipo alipofia. Ni Simon Kimbangu. Hatuandiki hapa kwa kusifu kanisa moja au kushusha lingine. Tunataka kujifunza tu.

Tarehe 6 Aprili 1921, kule Nkamba katika Kongo ya Chini, alianza kazi ya kuhubiri na kuombea wagonjwa. Watu walikuja kwa wingi sana, hata kazi za wazungu zikasimama. Ilidumu miezi michache tu. Mwezi wa 9 alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ilimhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa mbali sana na kwao, hapa Katanga, katika gereza la Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Huko alifungwa miaka 30, na hakutoka tena. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1951.

Wapendwa, fikirini. Mtu ambaye watu walisema maombi yake yanainua wagonjwa, mlango wake mwenyewe haukufunguliwa. Miaka 30! Je, hakusali? Watu wake hawakusali? Je, tuseme alikuwa na zambi ya siri? Hakuna Mkongomani leo anayeweza kusema hivyo bila haya. Mwaka 2011 mahakama ya kijeshi ya nchi yetu ilifuta hukumu ile, na tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa. Lakini yeye alikwisha kulala miaka mingi.

Mwalimu alisema: "Hiyo inanisaidia mimi, haiwasaidii ninyi."

Tulimjibu: Inatusaidia sisi pia, kwa kuwa inatuondolea uongo. Uongo ni huu: kwamba maombi ni kama franka dukani, unaweka kiasi fulani, unapewa kitu. Ukikosa kitu, basi franka yako ilipunguka: imani ndogo, kufunga kidogo, sadaka kidogo. Hayo si maombi ya Yesu. Katika Getsemane yeye mwenyewe aliomba kikombe kiondolewe, na kikombe hakikuondolewa. Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, na mwiba ulibaki (2 Wakorinto 12). Je, Yesu alipungukiwa imani? Je, Paulo alificha zambi?

Yakobo alikufa, Petro alitoka, na kanisa lilikuwa moja, na Mungu alikuwa mmoja. Luka aliandika yote mawili katika sura moja, na hakutoa sababu. Nasi hatuna ruhusa ya kuitunga.

Basi maombi yanafaa nini? Tulimwambia mwalimu mambo mawili tunayoyajua. La kwanza, maombi yanatupeleka mbele ya Baba jinsi tulivyo, na machozi yetu, na hasira yetu pia. Anayesali hateseki peke yake. La pili, maombi yanatuamsha. Mtu hawezi kusali kwa kweli usiku wote juu ya mtoto wa jirani, kisha asubuhi apite mbele ya mlango wake kama hamjui. Na yako mambo ya tatu, ambayo ni ya Mungu mwenyewe: anaponya, tumeona watu wakiinuka, hatutalikana. Lakini siku na mtu anachagua yeye.

4. Nyumba ya maombi na kolera

Mwalimu alisema neno moja ambalo tunataka kila kikundi cha maombi kilisikie: "Kolera haingoji. Nimeona mgonjwa analazwa mkekani siku nzima, watu wanaimba, na maji yanaisha mwilini mwake. Mliita hiyo imani."

Hapa hatuna ubishi naye hata kidogo. Kolera inarudi mara kwa mara kwenye vijiji vya Moero, na watu wote wanapaswa kuijua. Inatoka kwa mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayeingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na choo. Mgonjwa anaharisha maji kama maji ya mchele, anatapika, anakauka. Ikiwa kali na isipotunzwa, inaweza kuua nusu ya wanaoipata, na wengine wanakufa katika saa chache. Lakini mgonjwa akipata maji ya dawa na serumu mapema, hafi hata mmoja katika 100. Pima mwenyewe urefu wa njia kati ya nusu na mmoja katika 100. Ndani ya njia hiyo mna watoto wetu.

Wako wanaosema kwamba kwenda kwa munganga ni kupungukiwa imani. Tunawauliza: Luka aliyeandika Injili alikuwa nani? Alikuwa munganga (Wakolosai 4:14). Mfalme Hezekia alisali na kulia, Mungu akasikia, na bado Isaya akaagiza wamwekee mkate wa tini juu ya jipu lake (Isaya 38). Na Nehemia, adui walipomzunguka, alifanya nini? Walisali kwa Mungu, na waliweka walinzi usiku na mchana. Yote mawili, siku ile ile. Asali asiyeweka walinzi, anamjaribu Bwana.

5. Mahali tuliponyamaza

Mwishoni mwalimu alisema: "Mmenijibu vema juu ya watu. Hamjanijibu juu ya Mungu. Kama anaweza kuzuia, kwa nini hazuii?"

Hapo tulinyamaza. Na tunawaambia ninyi waamini: hapo mtu anaweza kunyamaza bila haya. Rafiki watatu wa Yobu walipofika, walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila neno. Hiyo ilikuwa kazi njema. Walianza kukosa siku walipofungua kinywa kumweleza Yobu sababu ya mateso yake. Maneno yao yalikuwa mazuri, yamejaa jina la Mungu. Yobu naye alilalamika, alimshitaki Mungu mwenyewe mbele ya uso wake. Na mwisho wa kitabu Mungu alimkasirikia nani? Aliwakasirikia rafiki, wenye kumtetea Mungu kwa kumchafua mgonjwa. Juu ya Yobu, mwenye kulalamika, alisema kwamba ndiye aliyesema sawasawa (Yobu 42:7).

Kwa hiyo hatukumwona mwalimu kama adui wa Mungu. Anayeuliza kwa uchungu juu ya watoto waliokufa yuko karibu na Yobu kuliko yule anayejibu kwa mbio. Sisi tunabaki na msalaba: Mungu wetu hakukaa mbali akitazama mateso, aliingia ndani yake. Mwalimu alisema kwamba hiyo ni hadithi nzuri, ila haimtoshi. Tulisalimiana, akaenda kwake. Mlango wetu uko wazi kwake, na maswali yake pia.

Maagizo kwa vikundi vyote vya maombi

Wapendwa, fundisho lisilo na kazi ni ngoma bila ngozi. Kwa hiyo:

Kwanza, kuanzia sasa mtu asiulizwe zambi yake kwenye mkeka wa ugonjwa, wala mama mbele ya kaburi la mtoto wake. Mwenye kutaka kuungama kwa mapenzi yake atasikilizwa, kwa siri, na kwa upole.

Pili, mwenye kupokea neno la unabii alipime kwa 1 Wakorinto 14:3. Unabii ni wa kujenga, wa kutia moyo na wa kufariji. Neno linalomzika mtu mara ya pili halikutoka kwa Roho.

Tatu, mtoto yeyote asiitwe mlozi. Mtoto yatima, mtoto mwenye kifafa, mtoto anayekojoa kitandani, hao ni wa kubebwa. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inamwadhibu kwa kifungo mwenye kumshitaki mtoto ulozi. Lakini mbele ya sheria hiyo, Yesu alikwisha kusema juu ya jiwe la kusagia na shingo ya anayewakosesha wadogo.

Nne, mwenye kuharisha na kutapika apelekwe mara moja penye matunzo ya kolera. Wakati mnatafuta njia, mpeni maji haya: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojazwa kupita, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Apewe kidogo kidogo, bila kuacha. Wawili wambebe, wengine wasali njiani. Maombi yana miguu.

Tano, chemsheni maji ya kunywa, naweni mikono kwa sabuni, na kila nyumba ichimbe choo mbali na ziwa na kisima. Kikundi cha vijana kiwachimbie wajane. Hiyo nayo ni toba, toba ya wazima, ile Yesu aliyoiomba siku walipomletea habari ya mnara.

Tusali: Baba, tufunge kinywa mbele ya mwenye kulia, na utufungue mikono. Waponye wagonjwa wetu kwa njia unayoitaka wewe. Wale ambao hatukuwaona wakiinuka, uwapokee. Na wenye kuuliza, uwasikie kuliko sisi tulivyowasikia. Katika jina la Yesu, Amina.